Rafidy na Kiti cha Mbele

Mimi nauza vitumbua ng'ambo ya karakana ya Rafidy, huku bondeni Andravoahangy, kwa hiyo viti vya teksi za mji huu nimeviona vikiwa uchi. Kiti kikivuliwa kitambaa hakina siri. Utaona springi, nyuzi za katani, kitana, kipande cha mkate wa karanga kilichokauka, na sijui ni nani huyo anayekula kwenye teksi halafu mifupa ya kuku anaisukumia nyuma ya makalio yake.

Teksi zetu ni zile Reno ndogo za Kifaransa, rangi ya maziwa, nyingi zimewazidi umri wanaoziendesha. Zilikuja na viti vya mabomba vilivyofumwa kwa mipira. Mipira ikilegea, abiria anazama mpaka magoti yanamgusa kidevu. Basi dereva akipata riziki kidogo huenda kwa wauza vyuma chakavu, akatafuta viti vya gari la Kikorea au la Kijapani lililopata ajali, vile vyenye sponji nene na pa kuegemeza kichwa, akampelekea Rafidy: "Nifungie hivi."

Kusema ni rahisi. Kiti cha gari jingine ni kama mume wa pili: anakuja na miguu yake na mazoea yake, na nyumba haikujengwa kwa kipimo chake. Reli ni pana mno, matundu hayalingani, kimo kinazidi, na dereva anajikuta anagonga kichwa darini. Rafidy alikuwa bingwa wa ndoa hizo. Alilaza chuma cha pembe sakafuni kutoka ubavu huu mpaka ule, akatoboa hadi kwenye fremu, akatia bamba chini na boliti juu. Halafu alimwita mtu mnene kuliko wote waliokuwa karibu, yaani mimi.

"Mama Bakoly, hebu kaa hapa. Jitikise."

Nikikaa, nikajitikisa, na kiti kisitoe mlio, kazi imekwisha. Nilikuwa namwambia kwamba siku moja atanilipa kwa kazi ya makalio yangu, na yeye anacheka mpaka miwani inamteleza. Alikuwa mtu wa kucheka, Rafidy. Mjane, hana mtoto, nyumba yake chumba na karakana, na hakuna mtu aliyewahi kurudi kwake kulalamika.

Mahefa alikuwa dereva wa mtaa wetu, mdogo sana kwa Rafidy kiumri. Reno yake aliachiwa na baba yake. Mwaka ule, kwenye baridi ya Julai, ukoo wao ulikuwa unajiandaa kufungua kaburi, wamtoe huyo baba na kumvika sanda mpya ya hariri. Jambo hilo lina vikao vingi kuliko harusi. Mama yake, Bibi Noro, ilibidi apelekwe kijijini kwao kupanga siku na ndugu za marehemu, na mgongo wa Bibi Noro ulikuwa hautaki tena kiti cha mipira. Mahefa akahangaika mpaka akapata kiti cha mbele cha gari la Kikorea, cheusi, kizuri, hakina hata mchubuko. Akakileta Jumamosi asubuhi.

"Kaka Rafidy, mama anasafiri kesho. Mfungie kama unamfungia malkia."

"Malkia gani anapanda Reno?"

"Wa kwangu mimi."

"Haya, mfalme. Niachie gari, ukatafute taji."

Mahefa akaondoka anapiga mluzi. Rafidy akafunua zulia la upande wa abiria, na hapo ndipo mkosi ulipoanzia. Bati la sakafu lilikuwa limeliwa na kutu. Alibonyeza kwa kidole na kidole kikapita, akaiona ardhi. Kazi ya namna hiyo inataka kukata bati lote bovu, kuweka jipya, na kupitisha vyuma viwili vya pembe. Alianza kukata, umeme ukaenda zake. Ukakaa huko ulikokwenda mpaka jua likaegemea milima. Uliporudi, Mahefa alikuwa karibu kufika, na Rafidy akafanya kile ambacho hakuwa amekifanya maisha yake yote. Alichukua bati jembamba, akaliziba tundu kwa kulichomelea kingo juu ya kutu ileile, akafunga kiti kwenye hilo bati, akarudisha zulia. Kwa macho, kilikuwa kiti cha kupigia picha.

Hakuniita kukaa. Nilikuwa pale pale nafunga jiko langu, na hakuniita. Nilidhani ana haraka.

Sasa lazima niseme jambo moja juu yetu watu wa nyanda za juu. Kwetu habari mbaya haitupwi usoni pa mtu. Mtu akifiwa, anaambiwa mgonjwa wake amezidiwa kidogo. Nyumba ikiteketea, mwenyewe anaambiwa kumeonekana moshi upande wa kwake. Ndivyo tulivyolelewa, na anayesema mambo waziwazi tunamwona kama mtu aliyeingia msibani na kofia kichwani. Rafidy kalelewa hivyo kuliko wengi. Mahefa alipofika, akakaa kwenye kiti, akaruka kama mtoto, akasifu, Rafidy alimwambia hivi:

"Mdogo wangu, si vibaya ukipita Jumatatu, kama njia itakuleta huku. Nikitazametazame."

"Ahsante, kaka. Mungu akuzidishie."

Mahefa alisikia ambacho ningesikia mimi na angesikia kila mtu, adabu ya fundi mzee anayependa kazi yake. Hakusikia kwamba mama yake asikae pale. Na Rafidy, kama alivyokuja kuniambia, alijiambia kuwa amekwisha kusema.

Jumapili mchana walikuwa wanarudi. Mahefa alikuwa anateremka barabara ya mawe ya kilima cha mfalme, injini kaizima ili isile mafuta, kama wanavyofanya madereva wetu wote kwenye mteremko. Kwenye kona akakutana na mkokoteni wa ng'ombe umelala njia nzima. Akakanyaga breki. Gari likasimama, kiti hakikusimama. Bibi Noro alikwenda nacho mpaka kwenye dashibodi, akavunjika nyonga na kupoteza meno ya mbele.

Ajali ni ajali, watu wangeuliza breki, wangeuliza boliti. Lakini nyuma ya gari kulikuwa na nyama ya nguruwe, zawadi ya ndugu za marehemu. Na kilima kile ni kitakatifu, nguruwe hapiti, tangu enzi za wafalme, hata kwenye kikapu, hata kwa bahati mbaya. Mahefa alijua, mama yake pia alijua, akamwambia wazunguke. Njia ya kuzunguka ni ndefu, bibi alikuwa amechoka, na Mahefa akasema, "Nani atajua, mama?" Basi wenye mkokoteni walipofungua nyuma kutafuta kitambaa cha kumfungia bibi, wakaikuta nyama. Habari ikafika mtaani kabla ya majeruhi. Hakuna aliyeuliza tena habari ya kiti, kila mtu alisema ni adhabu ya mfalme. Hata mimi nilipoambiwa nilitikisa kichwa nikasema, "Kayataka."

Jumatatu gari lilivutwa mpaka kwa Mahefa, na Rafidy akaenda. Mahefa alikuwa kizingitini, macho yamevimba. Rafidy akafungua mlango wa gari mwenyewe. Bati lake lilikuwa limebanduka kwenye sakafu kama utando wa maziwa, na alama zake za kuchomelea zimebaki zimejipanga pembeni. Hakuhitaji kuambiwa.

"Kaka, usihangaike na gari," Mahefa alisema. "Gari halina kosa. Ni mimi."

"Mahefa, sikiliza. Hiki kiti..."

"Kiti chako ndicho kimemwokoa! Kingekuwa kile cha mipira, si angetokea kwenye kioo? Nimewaambia wote hospitalini. Nimesema, mshukuruni Rafidy."

Rafidy akafunga mlango wa gari.

"Pole sana, mdogo wangu," akasema.

Maneno mengine yakamkwama, na kila siku iliyopita yakazidi kukwama. Alilivuta lile gari mpaka karakana bila kuombwa. Akakata bati lote, akaweka jipya, akapitisha vyuma vya pembe ambavyo vingebeba kiti cha lori. Kisha akaniita. Nikakaa, nikajitikisa kwa nguvu zangu zote. Gari zima likatikisika, kiti kikatulia.

"Hiki hata dunia ikipinduka utakikuta kimekaa," nikamwambia, nikangoja acheke.

Hakucheka. Alikaa juu ya ndoo yangu ya maji, akavua miwani, akanieleza yote, kuanzia kidole kilichopita kwenye kutu. Mimi nina hasira za karibu. Vitumbua viliungua, sikuvigeuza.

"Kwa hiyo mtoto wa watu anajiua kwa majuto, na wewe unamwambia pole?"

"Nilimwambia apite Jumatatu."

"Ulimwambia kama njia itamleta! Rafidy, hata paka humwambii hivyo akiwa anaungua mkia!"

"Najua."

"Basi nenda."

"Nianzeje, Mama Bakoly? Niingie pale, mama yake amelala, niseme ni mimi? Kwa maneno gani?"

"Kwa hayo hayo uliyoniambia mimi."

Akaahidi. Akaenda kesho yake, akarudi. Akaenda tena. Kila akienda anabeba kitu, maziwa, mchele, blanketi, na kila akibeba kitu wanamshukuru, na akishashukuriwa hawezi tena kusema. Akawa anakonda. Karakana ikawa kimya, na kila kiti alichokwisha kukifunga alikifungua upya. Madereva wakaanza kumtania kwamba uzee umempanda mikononi, naye anawaambia ni kweli.

Wakati huo mambo kwa Mahefa yalikuwa yanazidi. Kaka yake mkubwa, Andriambelo, ndiye mwenye sauti kwenye ukoo. Yeye aliamua kuwa shughuli ya kaburi itafanyika kama ilivyopangwa, ila Mahefa asimguse baba. Aliyebeba lawama ya mfalme akiubeba mwili wa mzee, lawama itaingia kaburini, iwapate wote waliolala humo na watakaozaliwa. Watoto wote wa marehemu watambeba, isipokuwa yeye. Mahefa hakubisha. Aliinamisha kichwa akasema ni haki. Reno akaandika kwenye kioo kwamba inauzwa, akawa anashinda sokoni kubeba magunia ya watu.

Wiki ile ile akamwalika Rafidy kula. Nilikuwepo, nilipeleka mchango wa wanawake wa mtaa. Mahefa alichinja kuku, na wali ulipopakuliwa alichukua ule mkia wa kuku, nyama yenye mafuta ambayo kwetu mtu humpa baba yake au aliye kama baba, akauweka kwa mikono miwili kwenye sahani ya Rafidy.

"Baba sina, na mwaka huu hata mifupa yake sitaibeba. Kula wewe, kaka. Wewe ndiye uliyemfikiria mama yangu."

Nilimtazama Rafidy. Nilimtazama kwa macho ambayo nadhani yangeweza kumtoboa. Akaushika ule mkia, akautia mdomoni, akatafuna. Alitafuna muda mrefu, na machozi yakawa yanamtoka. Bibi Noro kutoka kitandani akasema kwa midomo isiyo na meno, "Mwacheni alie, anamkumbuka marehemu." Tukatoka, na hapo nje nikamwambia kama yeye hatasema, nitasema mimi. Akanishika mkono.

"Usinichukulie na hilo, Mama Bakoly. Nitasema."

Siku ya kaburi tulikwenda mtaa mzima, tumejazana kwenye lori, tarumbeta zinalia tangu njiani. Bibi Noro aliletwa kwenye kiti cha nyumbani, kabebwa na wajukuu, kafunikwa blanketi la Rafidy. Hariri mpya zilikuwa zimekunjwa tayari. Mahefa alisimama ng'ambo ya mtaro, kule walikofungwa ng'ombe, kavaa shati jeupe lililopigwa pasi kama la bwana harusi. Alisimama mbali ili mtu yeyote asipate kazi ya kumwambia asogee.

Kabla wafu hawajatolewa, kila kundi la wageni husimamisha mtu wake atoe hotuba. Mtaa wetu haujawahi kuwa na msemaji mwingine ila Rafidy. Na hotuba kwetu haianzi na salamu. Huanza na kuikwepa lawama. Msemaji husema yeye ni mdogo na wakubwa wapo, ni kijito na mito ipo, kwa hiyo kama amewaruka waliomzidi, lawama isimguse, na watu humwitikia kwamba haitamgusa, aendelee. Mtu asiyeyasema hayo hana ruhusa ya kusema lolote.

Rafidy alivua kofia. Wazee wakajiweka sawa, maana walipenda kumsikiliza.

"Wazee wangu," akasema. "Hapa ndipo ninapotakiwa kuomba lawama iniondokee. Siombi."

Mzee mmoja akacheka, akidhani ni mtindo mpya wa mjini.

"Lawama ni yangu. Kiti alichokalia Bibi Noro nilikifunga mimi, kwenye bati bovu, juu ya kutu. Nilijua hakijashika. Mahefa alipokuja kukichukua sikumwambia. Kilichomvunja mama huyu ni kazi yangu, na siku zote hizi nimemwacha mwanawe alipe."

Andriambelo akasogea mbele, uso umemwiva.

"Rafidy, kuna wageni hapa. Sema kwa adabu."

"Adabu ndiyo iliyomvunja mama yako nyonga, Andriambelo. Nilisema kwa adabu siku ile, na huyu hapa hawezi kusimama."

Mahefa alikuwa amekwisha kuruka mtaro. Matope yalimrukia mpaka kwenye shati, akaja mpaka mbele ya Rafidy, karibu mno, nikadhani atampiga. Naungama kwamba nilitamani ampige, liishe.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Jumamosi ile? Nilipokuwa naruka hapo juu kama mpumbavu?"

"Nilijua tangu nakaza boliti."

"Ungeniambia tu usiondoke na gari! Neno moja, kaka! Ningemkodia mama gari lingine!"

"Ndiyo."

"Umekula kuku wangu!"

"Ndiyo, Mahefa. Nilimla."

Watu walikuwa wanatazama chini, kila mmoja anatafuta kitu kwenye nyasi. Andriambelo alikohoa. Ni mtu asiyeacha neno lake lidondoke hivi hivi, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata hivyo, nguruwe alikuwamo kwenye gari, na mfalme ni mfalme. Ndipo Bibi Noro alipopiga mkono wa kiti.

"Nguruwe alikuwa nyuma," akasema. "Mimi nilikuwa mbele. Mwache mwanangu ambebe baba yake."

Nani angembishia bibi yule, mbele ya kaburi la mumewe? Andriambelo akarudi nyuma hatua, akamwonyesha mdogo wake upande wa kichwani. Wakashuka wote. Walipotoka na marehemu kwenye mkeka, Mahefa alikuwa mbele, anatabasamu na kulia, anamwita baba yake kwa jina la nyumbani, anamweleza habari za mtaa. Tarumbeta zikalipuka. Tulicheza, hata mimi nilicheza. Rafidy alibaki pale alipokuwa, kofia mkononi. Hakuna aliyemwambia aondoke, hakuna aliyemwambia akae. Tuliendelea kuwa watu wa nyanda za juu, tukapita pembeni yake kama mtu anavyopita jiwe la mpaka.

Marehemu alipokwisha kuvikwa na kurudishwa, Mahefa alimfuata. Jasho lilikuwa linamtiririka, mabegani ana vumbi la baba yake.

"Rafidy," akasema, na kaka hakumwita. "Usije kwangu. Usilete maziwa wala mchele. Mpaka mama atembee, sitaki kukuona mlangoni."

Watu waliosikia waligeuza nyuso kwa aibu, maana maneno makavu kiasi hicho hayasemwi kwetu. Rafidy alimshukuru. Alimshukuru kwa dhati, kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa maji.

Tangazo la kuuza gari Mahefa alilifuta, na anaendesha mpaka leo. Kiti ni kile kile, vyuma ni vile vile, abiria wanakipenda. Akipita mbele ya karakana anatazama upande wangu, ananipigia honi mimi peke yangu. Rafidy amerudi kufunga viti, na siku hizi akiona sakafu imeoza anamwambia mwenye gari waziwazi kwamba imeoza, na wapo wanaokasirika na kuhamia kwa mafundi wenye maneno laini.

Mimi Bibi Noro naenda kumwona kila Jumapili. Nikirudi namkuta Rafidy amesimama mlangoni mwa karakana iliyofungwa, kavaa nguo za kanisani, ananingoja. Hanisalimu kwanza.

"Ametembea?"

Ningeweza kumwambia kwamba bibi ana nafuu, kwamba kaomba fimbo, kwamba Mungu yupo. Nayajua maneno hayo, nimelelewa nayo. Namtazama usoni, namwambia bado.